Miteremko ya Ufipa: Safari ya Kushuka kutoka Sumbawanga

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili, na pande zote mbili unakatika ghafla. Magharibi ardhi inashuka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 773 juu ya usawa wa bahari na kina chake kinafika mita 1,470. Mashariki upo ukuta wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa, na chini yake limetandaa bonde la Rukwa lenye ziwa la maji ya magadi, lenye kina kifupi, lisilo na mto wa kuyatoa maji yake kuyapeleka baharini. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, umejengwa juu ya uwanda huo katika kimo kinachokaribia mita 1,800, na milima ya Mbizi inayoukinga upande wa mashariki inapita mita 2,400. Wanajiolojia huliita umbo la namna hii kiinuka, yaani kipande cha ganda la dunia kilichobaki juu huku vipande vya kandoni mwake vikididimia kwa sababu ya mipasuko, na ardhi hiyo haijatulia hata leo. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa barani Afrika, na ufa wa Kanda, unaopita karibu na mji wenyewe, bado unaonekana mashambani kama ngazi moja ndefu iliyofunikwa na nyasi.

Msafiri anayekuja kwa basi kutoka Tunduma hupita zaidi ya kilomita 220 za lami bila kuhisi kwamba yuko milimani, kwa kuwa barabara inafuata mgongo wa uwanda, na kinachoonekana dirishani ni mashamba ya mahindi, maharage na ulezi, vilima vya mviringo visivyo na miti mingi, na upepo unaolaza majani upande mmoja. Baridi ndiyo inayomjulisha kimo alichofikia, hasa Juni na Julai, ambapo stendi ya Sumbawanga hujaa watu waliovaa makoti mazito na kofia za sufu saa ambazo wenzao wa Dar es Salaam wanatafuta kivuli. Mlima wenyewe hauonekani mpaka mtu afike ukingoni na kutazama chini, na kwa sababu hiyo safari ya Ufipa haina budi kuelezwa kwa miteremko yake kuliko kwa vilele vyake.

Watu wengi duniani wanaposikia habari za kushuka mlima kwa njia zilizopangwa hufikiria Alps, safu ya milima ya Ulaya inayopita Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria, ambako vituo vikubwa vimejengwa kwa ajili ya mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa skii, yaani mbao mbili ndefu na nyembamba zinazofungwa chini ya viatu. Huko kijiji hukaa bondeni. Mchezaji hulipa kiingilio, hupandishwa na magari ya kebo, ambayo ni vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, kisha hushuka kwa uzito wa mwili wake mwenyewe katika njia zilizosawazishwa na kupewa rangi kulingana na ugumu wake: kijani na buluu kwa wanaojifunza, nyekundu kwa waliokomaa, nyeusi kwa mabingwa. Nje ya njia hizo zipo nyingine zisizosawazishwa wala kulindwa, kama ile ya Vallée Blanche juu ya mji wa Chamonix, ambayo huanzia kwenye kilele cha Aiguille du Midi chenye mita 3,842 na kupita yapata kilomita 20 juu ya barafu yenye nyufa, na anayezifuata hutakiwa kubeba chombo cha kurusha mawimbi ya redio, ufito mrefu wa kuchomea theluji na koleo, ili akifukiwa na poromoko la theluji wenzake waweze kumtafuta na kumfukua.

Tanzania nayo imewahi kuiona michezo hiyo, kwani mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro wakiwa na skii na kuzitumia katika kushuka, na barafu mojawapo ya kilele chake cha Kibo hadi sasa inaitwa kwa jina la Furtwängler. Ufipa haina theluji, na hakuna haja ya kulazimisha mfanano. Hata hivyo, anayezishuka kingo zake kwa zamu, leo kwa lori, kesho kwa miguu, huona kwamba tofauti iliyo kubwa kuliko ya theluji ni tofauti ya mpangilio: katika Alps mtu analipia kupanda ili ashuke kwa raha, ilhali Ufipa watu wanaishi juu, wanashuka kwa sababu ya haja, na gharama ya safari inawangoja mwishoni, wakati wa kurudi. Kwa hiyo ugumu wa njia haupimwi kwa ustadi wa anayeshuka. Unapimwa kwa mzigo alio nao na kwa mwezi wa mwaka.

Njia kuu ya kwenda bondeni Rukwa ni barabara inayoanzia Ntendo, kaskazini ya mji kwenye barabara ya kwenda Mpanda, na kuishia Muze chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Urefu wake haufiki kilomita 40, lakini sehemu yenye maana ni ile fupi ambamo barabara inapoteza takriban mita elfu moja za kimo kwa mfululizo wa kona zinazojikunja moja juu ya nyingine, upande mmoja ukiwa mwamba na upande wa pili ukiwa hewa tupu. Kwa muda mrefu barabara hiyo imekuwa ya udongo na changarawe, na sifa yake katika vijiwe vya madereva wa Sumbawanga ni mbaya kiasi kwamba jina la mlima huo hutajwa kwa sauti ya chini kidogo, kama linavyotajwa jina la mtu anayedai fedha.

Lori aina ya Fuso alilopanda msafiri, likiwa limebeba magunia ya viazi na maharage pamoja na abiria waliokaa juu ya magunia, lilisimama kabisa kabla ya kona ya kwanza ingawa hapakuwa na kizuizi chochote. Dereva alishuka, akazunguka gari akigonga tairi moja moja kwa spana na kusikiliza mlio wake, kisha akarudi kwenye usukani, akazima redio iliyokuwa ikipiga muziki tangu stendi na kuingiza gia ya pili, ambayo hakuibadilisha tena hadi chini. Sababu ya kuzima redio ni kwamba katika mteremko wa aina hiyo dereva anaendesha kwa masikio: gia ndogo huifanya injini izuie mwendo wa gari badala ya kuliendesha, na mngurumo wake ukianza kupanda ni dalili kwamba uzito wa mzigo umeanza kuishinda injini, hivyo breki ziguswe kidogo na kuachiwa, ziguswe na kuachiwa, zisije zikapata moto. Breki iliyoshikiliwa kwa muda mrefu huchemka mpaka ikapoteza uwezo wa kushika, na ajali nyingi za malori milimani huanza hivyo, si kwa mwendo kasi wa mwanzo bali kwa kanyagio lililokanyagwa mfululizo na mtu mwenye hofu. Taniboi, yaani msaidizi wa dereva, alikuwa amening'inia ngazini nyuma akiwa na gogo lililochongwa umbo la kabari, tayari kuruka na kulitia nyuma au mbele ya tairi. Mzee mmoja aliyeketi juu ya magunia alimwuliza kama gogo lenyewe limewahi kutumika, naye akajibu, "Shikamoo mzee, maswali tutaulizana Muze."

Katika kona za katikati bonde lote hufunguka, na ziwa huonekana kwa mbali likiwa na rangi isiyo ya buluu wala ya kijivu, limezungukwa na mbuga pana zisizo na mwinuko. Mskoti Joseph Thomson, aliyepita nchi hii mwaka 1880, aliliona ziwa hilo kutoka juu na kulipa jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji, jina ambalo halikudumu. Ziwa lenyewe nalo halina mipaka ya kudumu, kwa kuwa hutegemea mvua na mito tu. Zamani za mvua nyingi, maelfu ya miaka iliyopita, lilijaa kiasi cha kufurika na kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika, na katika vipindi vya ukame wa karne zilizo karibu nasi limepungua mpaka sehemu kubwa ikabaki tope na nyasi. Mbuga hizo zinazofurika na kukauka ndizo zilizolifanya bonde la Rukwa kuwa mojawapo ya maeneo ya mazalio ya nzige wekundu, ambao makundi yao yaliwahi kuenea nchi nyingi za kusini na mashariki mwa Afrika katika miaka ya 1930, na kwa ajili yao lilianzishwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti.

Kadiri lori linavyoshuka ndivyo abiria wanavyovua nguo. Makoti huondoka kwanza, halafu masweta, na watoto waliokuwa wamefunikwa kanga hufunuliwa; mashamba ya wazi ya juu yanaachia miombo ya miteremkoni, na miombo inaachia migunga ya bondeni, na mtu anayefika Muze mchana hukuta joto linalomfanya atilie shaka baridi aliyoamka nayo asubuhi ileile. Huko chini kuna mpunga, samaki wa Rukwa, makundi makubwa ya ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma walioingia bondeni katika miongo ya karibuni, na mbu. Juu kuna viazi, maharage na ulezi. Kila upande una kile ambacho mwenzake hana, na biashara ya Ufipa tangu kale imeegemea hapo: katika karne ya 19, wakati wafua vyuma wa uwandani walipokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika malungu, yaani tanuri ndefu za udongo zilizopita kimo cha mtu na kuvuta hewa zenyewe bila mivukuto, bondeni Rukwa watu walikuwa wakifuma nguo za pamba, na kusini mwa bonde, huko Ivuna, walikuwa wakipika chumvi kutokana na chemchemi za maji ya munyu. Majembe yalishuka, nguo na chumvi zilipanda. Barabara ya magari imekuja kufuata haja iliyokuwepo karne nyingi, ila haikufuata njia zake.

Njia zenyewe bado zipo, na ndizo zinazostahili kuitwa njia za nje ya njia. Nyingi huanzia kwenye vijiji vilivyo nyuma ya milima ya Mbizi, ambako umebaki msitu wa mlimani wenye ukungu, chanzo cha vijito vinavyokwenda pande zote mbili na makao ya mbega wekundu waliotengwa na jamaa zao wa mbali. Anayeuacha msitu na kufika ukingoni haoni njia moja bali vijia vingi vinavyoachana na kukutana tena, na jambo la kwanza analojifunza ni kwamba vijia hivyo havifuati mabonde ya vijito, ijapokuwa kwa macho ya mgeni mabonde ndiyo yanayoonekana rahisi. Vinafuata migongo, yaani mistari ya juu kati ya korongo na korongo, kwa sababu mgongo hukauka mapema baada ya mvua, humwonesha mtu anakokwenda, na hauishii kwenye genge la maporomoko kama korongo linavyoweza kuishia bila kumtahadharisha mtu.

Jambo la pili linahusu ardhi ya kukanyaga, na hapa wenyeji wana elimu ambayo haijaandikwa popote. Mgeni huogopa tope na kuamini nyasi, lakini katika kiangazi nyasi ndefu zilizolala kuelekea bondeni huteleza kuliko tope lolote, na kokoto ndogo juu ya mwamba mgumu huviringika chini ya soli na kumwangusha mtu aliyekanyaga kwa kujiamini. Ardhi iliyochomwa moto karibuni ni salama kuliko zote, kwa kuwa vishina vya nyasi vilivyobaki huushika mguu. Mvua za kwanza za Novemba hugeuza mambo: udongo mwekundu hunata kwenye viatu hadi vikawa vizito mara mbili, halafu katika Februari na Machi maji hupita juu ya vijia vyenyewe na kuvichimba, na baadhi ya migongo huachwa mpaka Mei. Vituo vya Alps hutoa kila siku ya majira ya baridi taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kwa daraja la moja hadi la tano. Kwenye ukingo wa Ufipa taarifa hiyo hutolewa na watu wanaopanda, na swali la "Njia ikoje?" huulizwa hata kabla salamu hazijakwisha, na jibu lake huwa na maelezo mengi kuliko ramani yoyote: mahali jiwe lilipohama, mahali penye siafu, na mahali ng'ombe walipobomoa.

Wanawake waliokuwa wakishuka na vikapu vya maharage kichwani walimpita msafiri mara kwa mara, na ilikuwa vigumu kuelewa walivyoweza, kwa kuwa mwenye mzigo kichwani hawezi kuinama kutazama miguu yake. Ukiwatazama kwa makini utaona kwamba hutazama hatua kumi mbele, huikumbuka ardhi hiyo, na kuikanyaga baadaye kwa kumbukumbu, wakitanguliza kisigino, magoti yakiwa yamelegea kidogo na hatua zikiwa fupi, bila kusimama katikati ya mteremko hata mara moja. Wakitaka kupumzika, hungoja mahali palipo tambarare. Mmoja wao, mama wa makamo, alipomwona msafiri amekengeuka kukwepa mwamba alimwambia bila kugeuza shingo, "Mwanangu, rudi huku, huko kwenye nyasi utakaa." Alikaa kweli, hatua tatu baadaye, na wote wakacheka isipokuwa mwenye kuonya, ambaye shingo yake haikuwa na nafasi ya kucheka.

Upande wa magharibi hauhitaji maelezo marefu. Barabara ya lami ya kilomita 112 hutoka Sumbawanga kupitia Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, hadi bandari ya Kasanga, nayo hushuka kwa utaratibu mzuri ambao umeondoa hofu na pia umeondoa sehemu kubwa ya utamu. Kasanga iliitwa Bismarckburg wakati wa utawala wa Wajerumani, na magofu ya boma lao lililotwaliwa na Waingereza Juni 1916 yako juu ya rasi inayotazama ziwa. Hapa pia ndipo meli ya Liemba, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927, ilipokuwa ikitia nanga kwa miongo mingi katika safari zake kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Migebuka na dagaa hupanda kwa malori kutoka hapa kwenda Sumbawanga, na lori la dagaa hujulikana limepita hata na aliyefumba macho.

Kusini kidogo ya Kasanga uko mteremko ambao hakuna anayeushuka. Mto Kalambo, ulio mpaka wa Tanzania na Zambia, unafika ukingoni mwa uwanda na kujitupa kwa mwanguko mmoja wa zaidi ya mita 200, kisha unapita katika korongo refu hadi ziwani. Watangazaji wa utalii huyasifu maporomoko hayo kuliko kitu kingine chochote mkoani na kuisahau Lyamba lya Mfipa, labda kwa sababu maporomoko yanaingia katika picha moja na ukingo wa milima hauingii. Sifa ya Kalambo kwa wataalamu iko juu ya maporomoko, katika mashapo ya mtoni, ambako mwanaakiolojia Desmond Clark alianza uchimbuaji mwaka 1953 na ambako mwaka 2023 watafiti walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale yapata miaka 476,000 iliyopita. Msafiri aliyesimama juu ya mwamba wa upande wa Tanzania, akiwatazama ndege aina ya korongo-mfuko wanaojenga viota kwenye kuta za korongo, hana kijia cha kuuliza hali yake.

Kurudi juu kutoka Muze ni safari nyingine kabisa, na si kwa jasho peke yake. Waendao kwa miguu hawapandi kwa mgongo waliotumia kushuka. Hufuata vijia virefu zaidi vinavyokata mteremko kwa mshazari, vikipita penye miti ya kivuli na penye vijito vya kunywa, na mtu asiyejua hilo akajaribu kupanda kwa kijia cha kushukia hukutana na watu wanaomshangaa. Malori nayo hupanda usiku au alfajiri injini zikiwa zimepoa, yamejaa mpunga, na kwenye kona zilizo kali zaidi abiria huteremka bila kuambiwa na kutembea nyuma ya gari, huku taniboi akifuata tairi la nyuma na gogo lake mkononi. Mfanyabiashara wa mchele aliyekuwa kwenye lori la kurudi alieleza kwamba yeye hupanga bei ya Sumbawanga kwa kuuliza hali ya kona tatu tu za juu, kwani lori likikwama hapo siku mbili gharama ya gunia inabadilika. Na mwezi Machi, alisema, hununua kidogo, husubiri, na kuuza maharage chini badala ya kupandisha mchele juu.